Mwaka Niliodhaniwa Nimehama Msikiti

Ami Shee alizikwa mwaka huu, kusi likiwa limeshika, na kwenye hitima yake nilikaa karibu na Bwana Famau, mzee wa msikiti wa juu, ambaye siku hizi husikia kwa sikio moja na husema kwa sauti ya watu wawili. Alinitazama, akakitazama kidude nilichobana kidoleni, kile cha kupimia hewa iliyomo damuni, akaniuliza mbele ya watu wote kama bado natembea. Nikamwambia natembea. Akasema basi hiyo ni kazi ya Shee, Mungu amrehemu, kisha akarudi kwenye juzuu yake. Vijana waliokaa mbele yetu waligeuka kutaka kujua ni kisa gani, nami nikajifanya nasoma. Kisa chenyewe ni cha mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na sijapata kukisimulia kwa sababu ndani yake mna ujinga wangu mwingi kuliko ninavyopenda watu wajue. Lakini Ami Shee amekwenda, na nisipokisema mimi, Famau atakisema kwa namna yake, na Famau hajui habari za ndani ya nyumba.

Mapafu yangu yaliharibiwa na kifaduro nikiwa mdogo, yakapona nusu, na kwa nusu hiyo nimeishi mpaka leo. Njia za hewa zimelegea, makohozi hukaa humo mpaka yakaoza, na kila baada ya muda kifua huwaka moto. Sehemu kubwa ya mwaka nilikuwa mtu kama watu. Tatizo lilikuwa kusi, msimu wa upepo wa kusini na mvua zake. Mtu wa Limuru akisikia watu wa Amu, yaani Lamu, tunalalamikia baridi atacheka, na ana haki, maana sisi tukiona mawingu siku mbili tunavaa sweta na kujifunga vitambaa shingoni. Lakini nyumba zetu za mawe hunywa mvua na chumvi, kuta zikatoka jasho, magodoro yakanuka, na unyevu huo ukikaa miezi mitatu katika chumba kisicho na dirisha hauhitaji theluji kummaliza mwenye kifua kibovu. Kusi la mwaka uliotangulia nililala wiki saba. Bi Rukia, mke wa Ami Shee, aliyenilea na ambaye nilimwita mama, alinitia katika chumba cha ndani kabisa, akaziba kila tundu kwa matambara, na kila magharibi akaleta chetezo chenye makaa akanifukiza ubani ili kuondoa baridi na jicho la watu. Wageni walikuja kunitazama kumi kwa kumi, wakakaa, wakapumua hewa yangu yote. Niliandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa. Yote yalikuwa mapenzi matupu, na yalikaribia kuniua. Nilipotolewa humo sikuweza kupanda ngazi ya darini bila kukaa katikati.

Daktari aliyenipima baada ya hapo alikuwa kijana wa bara aliyehamishiwa hospitali ya serikali, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Aliniambia ugonjwa huu hautoki, nitaishi nao, na namna ya kuishi nao ni tatu: dawa ya kuvuta kwa mdomo, kulala kichwa chini kila asubuhi ili makohozi yamiminike, na kubwa kuliko zote, kutembea. Kutembea kila siku, mbali, kupanda mpaka pumzi zianze kunishinda, nikitoa hewa polepole kwa midomo iliyokunjwa kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nikamuuliza, na wakati wa kusi je? "Wakati wa kusi ndio hasa," alisema. "Mwaka jana ulilala, mapafu yakajaa. Ukilala tena mwaka huu, sikuahidi kitu." Nilitoka pale nimeshika kidawa changu mfukoni. Mwaka ule nilikuwa na jambo moja tu la kufanya, kulivuka kusi nikiwa nimesimama, na nikaapa kwamba nyumbani hawatajua, kwa sababu wakijua watanifungia tena.

Sasa jaribu kutembea bure Amu. Leo vijana wanakimbia ufukweni na kaptura na hakuna anayegeuza shingo, lakini zamani zile mtu mzima hakutoka mlangoni bila shughuli. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, na kila baada ya nyumba tatu kuna daka, ule ukumbi wa mlangoni, lenye mabaraza, na kila baraza lina watu, na watu hao wana swali moja: wenda wapi? Siku ya kwanza nilisema sokoni. Siku ya pili nikasema sokoni, wakaona sina kikapu. Siku ya tatu nikasema natembea tu, na kabla ya alasiri Bi Rukia alikwisha kuulizwa kama nina mawazo. Ndipo nikagundua kwamba liko jibu moja lisilozaa swali la pili, nalo ni msikitini. Hakuna atakayemuuliza Mwislamu kwa nini anakwenda kuswali. Nilijiona mjanja sana.

Msikiti wetu ulikuwa hatua arubaini kutoka mlangoni, kwa hiyo haukunifaa kwa dawa. Uliofaa ulikuwa wa juu, kule mwisho wa mji, ambako njia hupanda na mawe huisha ukaanza mchanga unaozamisha mguu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa. Mwaka ule Idd iliingia Amu mara mbili. Msikiti wetu ulifuata mwezi uliotangazwa, wa juu ukasubiri kuuona wenyewe, kwa hiyo sisi tulikuwa tunakula pilau na wao wamefunga. Yakasemwa maneno. Sisi tuliambiwa tumekula mchana wa Ramadhani, nasi tukawaambia wamefunga siku ya Idd, ambayo ni haramu. Ami Shee, aliyekuwa muadhini wetu tangu kabla sijazaliwa, alisema mbele ya safu nzima kwamba hatatia mguu tena kwenye msikiti ule. Haya yote niliyajua. Nilidhani tu kwamba ni ugomvi wa wazee, na kwamba kijana mwenye shida ya pumzi anaweza kupita katikati yake bila kuguswa.

Nilianza kwa alasiri. Wiki ya kwanza nilipumzika mara sita njiani, na nilijifunza kutumia salamu kama benchi la kukalia. Nikiishiwa pumzi nilisimama mbele ya baraza nikatoa mkono, na kwa kuwa watu wa Amu hawasalimiani kwa neno moja, wakaniuliza hali, na habari za nyumbani, na wazee, na watoto nisio nao, mimi nikawa naitikia alhamdulillahi kwa pumzi fupi fupi mpaka kifua kikatulia. Wiki ya tatu nilipumzika mara tatu. Wiki ya tano nilifika juu kwa mara mbili tu, nikasimama mlangoni natweta, kiatu kimoja mkononi, nikahisi hewa inashuka mpaka chini kabisa mahali ambapo haikufika mwaka mzima. Nilitaka kulia. Bwana Famau, enzi hizo mtu wa makamo mwenye ndevu nyeusi, alinisogezea kata ya maji nitawadhe na hakuniuliza lolote. Nikamshukuru kwa adabu yake. Sikujua kwamba alikuwa ananyamaza kwa furaha, maana kwake mimi nilikuwa mateka.

Nyumbani baridi iliingia kwa mlango mwingine. Sisi tulikula sinia moja, Ami Shee na mimi, kwenye mkeka uliotandikwa katika kiwanda, ule uwanja mdogo wa katikati ya nyumba. Desturi yake ilikuwa kuvunja nyama ya samaki na kunisogezea upande wangu, na alifanya hivyo hata nilipokuwa na ndevu. Kwanza akaacha kunisogezea. Kisha akawa anakula haraka, anaosha mikono nikiwa na tonge la tatu. Halafu siku moja, mchana wa wali wa nazi na kamba, Bi Rukia alileta sahani mbili badala ya sinia, akaziweka bila kunitazama, na Ami Shee akachukua yake akageukia ukuta. Nilikaa nikatazama sahani yangu, na wali ulikuwa mwingi kuliko nilivyozoea. Leo nina wajukuu na najua ingetosha kusema sentensi moja. Lakini nikiwa na miaka ishirini na miwili niliogopa chumba cha ndani kuliko nilivyoogopa sahani ya peke yangu, na juu ya hofu hiyo ilikuwepo nyingine. Ami Shee alikuwa anakauka sauti. Alinifundisha adhana nikiwa na miaka saba, alijua nina koo, na alikwisha kuwaambia wenzake kwamba akichoka yeye nitasimama mimi. Sauti nilikuwa nayo. Pumzi ndiyo sikuwa nayo, na mwaka mzima kila aliponiomba niadhini nilisingizia mafua.

Asubuhi moja nilikuwa chumbani katika shughuli yangu ya kumimina. Nililala kifudifudi kitandani, kiuno juu ya mito, kichwa kinaning'inia karibu na sakafu, mkebe wa maziwa uko chini ya mdomo, nakohoa kwa kuubana mdomo na shuka ili nisisikike. Mtu akiwa katika hali hiyo husikia vizuri ajabu. Kule chini dakani walikuwa wamekaa wazee wawili wa safu ya mbele, na mmoja akasema, "Shee, kiyana wako wamemtukua." Mwingine akaongeza kwamba mji mzima wasema nimechukuliwa na watu wa juu, na kwamba muadhini ambaye nyumba yake imepasuka hawezi kuwaita watu. Damu ilinijaa kichwani na masikio yakavuma. Kisha nikamsikia Ami Shee, kwa sauti ile ya kukwaruza: "Ijumaa ataadhini yeye. Mui mzima utamsikia." Nilibaki nimening'inia hivyo hivyo, na sikuweza hata kukohoa.

Aliniambia mchana ule, akiwa amesimama, kama anayempa mtu barua. Hakuuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo, ami. Zilibaki siku tatu na nilizitumia vibaya zote. Nilipanda njia ya juu mara mbili kwa siku nikijidanganya kwamba mapafu yataongezeka kwa siku tatu. Kwenye mchanga, pasipo na mtu, nilijaribu kuita kwa sauti ya chini, na kila nilipofika penye maneno marefu nilikatika. Mara tatu nilimkuta Ami Shee peke yake, na mara tatu nilifungua kinywa nikauliza habari za mvua. Bi Rukia naye aliona nimebadilika rangi. Alikwisha kuingia chumbani siku moja akanikuta kichwa chini miguu juu, akarudi kinyumenyume bila neno, na nadhani moyoni mwake aliunganisha mambo yote, msikiti wa juu, kichwa chini, kunyamaza kwangu, akapata jibu kwamba nimehusudiwa kwa sababu ya sauti. Kwa hiyo Alhamisi magharibi, wakati nyumba zote za Amu zinanukia kwa kuupokea usiku wa Ijumaa, alinifanyia hisani. Nilirudi kutoka kuswali nikakuta chumba changu kimefungwa na kimejaa moshi wa udi na ubani hata kitanda hakionekani, na kanzu yangu ya Ijumaa imetandazwa juu ya tenga la kufukizia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. Nikamshukuru, nikaingia, nikalala humo.

Ijumaa niliamka na mluzi kifuani. Nilivuta dawa mara mbili, nikavaa kanzu iliyonukia, nikaenda. Msikiti ulikuwa umejaa mpaka nje kwenye birika, na nilielewa kwamba wengi hawakuja kwa khutba. Ami Shee alikuwa amekaa safu ya mbele, mgongo umenyooka, na alipogeuka kunitazama niliona kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona anaogopa. Alidhani nitakataa. Nikasimama mbele ya maikrofoni, nikaweka vidole masikioni, nikaanza. Takbiri nne zilitoka, na zilitoka vizuri, nikasikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye kuta za mtaa. Shahada ya kwanza nikaimaliza. Ya pili niliimaliza na vidoti vyeusi vinacheza mbele ya macho. Kisha nikageuza uso kulia niwaite watu kwenye swala, nikavuta hewa, na hewa haikuja. Kilichokuja ni kikohozi. Kile cha kitandani, chenye maji ndani yake, kisicho na adabu, na safari hii hapakuwa na shuka ya kukibana. Maikrofoni ilikichukua chote. Kilipita juu ya mapaa mpaka sokoni na bandarini, na Bwana Famau aliniambia baadaye kwamba kule juu walikuwa wanajiandaa na wote walisimama kusikiliza. Nilishika ukuta. Nilijaribu tena mara mbili na mara mbili kikanishinda, na waumini wote wale hakuna aliyejikuna.

Ami Shee ndiye aliyeinuka. Hakuizima mashine. Aliweka kiganja chake mgongoni mwangu, kati ya mabega, akakiacha pale mpaka nilipomaliza kukohoa, na mji mzima ukasubiri. Ndipo akaanza adhana upya kutoka mwanzo kwa sauti yake iliyokauka, mkono mmoja sikioni na mwingine bado uko mgongoni mwangu.

Nyumbani alikaa kwenye mkeka, hakuvua kofia. Bi Rukia alisimama mlangoni mwa jikoni. Ami Shee akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Kusi lililopita, daktari, dawa, mkebe, kutembea. Nilisema hata habari ya moshi, na nilipoisema sikuthubutu kumtazama Bi Rukia, lakini nilimsikia anaingia chumbani kwangu akatoka na chetezo na tenga, na jikoni akalia. Ami Shee alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya mkeka.

"Nalidhani wanikimbia mimi," alisema.

"Nakimbia kufa, ami."

Mchana ule tulikula sinia moja, na hakuna aliyekula sana. Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba nimesamehewa na sasa nitafungiwa, maana zaidi ya kunifungia au kuniachia msikiti wa juu, sikuona Ami Shee atapata wapi njia ya tatu. Usiku kucha nilipanga namna ya kukataa kile chumba.

Siku ya pili yake, Jumamosi, aliadhini alasiri kama kawaida. Mimi nilikuwa safu ya pili, nimekuja kwa kumstahi. Alipomaliza adhana alirudisha maikrofoni mahali pake, akapita katikati ya watu, akanigusa bega na kuniambia nimfuate. Mwenye kujua sheria anajua kwamba kutoka msikitini baada ya adhana bila dharura ni jambo linalochukiza, na hapa aliyetoka alikuwa ndiye aliyewaita. Wale wazee wawili walibaki wamefungua vinywa. Nje alivaa makubazi yake akashika njia ya juu. Nilimwambia ami, si lazima. Akaendelea kupanda. Nilipoishiwa pumzi akasimama, na mtu wa baraza aliponitolea salamu aliitika yeye, habari za nyumbani, wazee, watoto, yote kwa niaba yangu, mpaka niliponyanyua mkono kwamba twende. Kwenye mchanga alivua viatu kwa kuwa miguu ilimzama, naye alikuwa na miaka sitini.

Tulifika rakaa ya mwisho, tukaunga. Waliposalimu sisi tukainuka kutimiza rakaa zilizotupita, nao walipogeuka wakamwona Shee muadhini kwenye safu yao, na tulipotoa salamu Bwana Famau akaja akapiga magoti mbele yake. Nilijua kwa uso wake kwamba anafikiri ushindi umewajia. Ami Shee hakuzungumzia mwezi wala Idd. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyu mwanangu ni mgonjwa wa mapafu. Daktari amemwambia atembee ili aishi. Kila alasiri atakuya hapa mpaka kusi litoke. Siku asipokuya, nataka mwenye kumuona barazani anambie, na asiyemuona aye nyumbani kwangu amtafute."

Famau alisema sawa. Hapakuwa na zaidi ya hilo. Siku ya pili nilipanda peke yangu na kwenye kila daka watu waliniuliza pumzi zikoje, wakanisogezea nafasi nikae, na nilichukia sana kuangaliwa namna ile. Nilikuwa nimezoea kuwa mjanja na sasa nilikuwa mgonjwa wa watu wote. Ilinichukua muda mrefu, kusema kweli miaka, kuelewa kwamba hicho ndicho kilichonivusha.

Zilibaki wiki mbili hivi kusi litoke ilipokuja siku ya mvua ya tangu asubuhi, mvua ya upande upande inayoingia mpaka ndani ya vidaka vya ukuta. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimechoka tu, kuchoka na njia ile, na mchanga ule, na kuhesabu pumzi kila siku ya Mungu, nikajifunika nikajiambia siku moja haiui. Alasiri ikapita. Bi Rukia alikuja akachungulia, na kwa kuwa alikuwa anajizuia kusema neno lolote la kunilaza, akaondoka. Kabla ya magharibi nikasikia hodi. Ami Shee alifungua, na nilimsikia anawakaribisha watu kwenye daka, wao wakikataa kuingia kwa sababu ya maji. Niliposhuka niliwakuta Bwana Famau na wenzake wawili, watu wa safu ya mbele ya msikiti wa juu ambao tangu Idd hawajapata kupita mtaa wetu, kanzu zimewaganda mwilini, mmoja wao anatetemeka meno.

"Hatukumuona," Famau alimwambia Ami Shee, hakuniambia mimi.

Ami Shee alinitazama, akaona sina ugonjwa. Akaniambia nivae viatu, akavaa na vyake. Tukapanda wote watano ndani ya mvua, kwa mwendo wangu.